Nani Anamjua Mtoto Huyu? Pasipoti ya Kwanza Ughaibuni

Mtoto amezaliwa Leeds. Baba ni Mtanzania, mama ni Mkenya, na wote wawili wako Uingereza kwa viza ya kazi. Bibi zake, mmoja yuko Tanga na mwingine Kisumu, wanasubiri kumpakata. Ili wampakate, lazima apande ndege. Ili apande ndege, lazima awe na pasipoti. Na ili apate pasipoti, lazima kwanza ipatikane serikali itakayokiri kwamba huyu ni raia wake.

Pasipoti hiyo haitatoka Uingereza. Sheria ya Uraia ya nchi hiyo ya mwaka 1981, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 1983, ilifuta desturi ya zamani ya kumpa uraia karibu kila mtoto anayezaliwa katika ardhi yake. Sasa ni lazima walau mzazi mmoja awe raia au awe na kibali cha ukaazi wa kudumu. Angezaliwa Chicago, angekuwa Mmarekani siku hiyo hiyo. Angezaliwa Muscat, angehesabiwa mgeni kama wazazi wake. Mtoto ni yule yule na wazazi ni wale wale. Kinachobadilika ni nani anayeaminiwa kusema mtoto huyu ni wa wapi. Ziko nchi zinazosadiki ardhi, ziko zinazosadiki damu, na ziko zinazosadiki ushahidi wa watu. Nikizilinganisha desturi hizi naona kila moja ina hekima yake, na kila moja, ikiachwa peke yake, humtoza mtoto gharama ya mambo ya wakubwa.

Tuanze na ardhi. Marekani ilitia kanuni hiyo ndani ya katiba kwa marekebisho ya 14 ya mwaka 1868, baada ya vita vilivyokomesha utumwa, ili watu weusi waliozaliwa nchini humo wasiweze tena kuambiwa kwamba si raia. Hapo cheti cha kuzaliwa kinatosha kuthibitisha uraia. Kanuni hiyo ni nyepesi na inamheshimu mtoto, kwa kuwa haimuulizi habari za babu yake. Lakini wepesi huo unaishia mpakani. Mmarekani anayejifungua Nairobi au Dar es Salaam, na mwenziwe wa ndoa si Mmarekani, hulazimika kuuthibitishia ubalozi kwamba aliwahi kuishi Marekani miaka isiyopungua 5, na 2 kati ya hiyo iwe baada ya kutimiza umri wa miaka 14. Anakusanya rekodi za shule, hati za mishahara na pasipoti kuukuu. Nchi inayoamini ardhi, mtoto akizaliwa nje, huenda kuitafuta ardhi ile ile katika maisha ya mzazi.

Damu nayo ina mwendo wake. Katika nchi za Ghuba, ambako familia nyingi zenye asili ya Zanzibar na mwambao wetu zinaishi na kuzungumza Kiswahili majumbani, uraia hufuata baba. Mwanamke wa Kiomani aliyeolewa na mgeni hampi mwanawe uraia kwa kule kumzaa tu. Mtoto hukulia Muscat, akasoma Muscat, lakini pasipoti yake ni ya nchi ya baba na kuishi kwake kunategemea kibali.

Tusiinyooshee Oman kidole, maana nasi tulikuwa humo humo. Chini ya katiba ya zamani ya Kenya, mtoto aliyezaliwa nje alipata uraia kupitia kwa baba. Mama Mkenya aliyejifungua London kwa mume wa kigeni hakuwa na urithi wa kumpa mwanawe. Bara letu lilipata kesi iliyolifikisha jambo hili mahakamani bila kificho. Unity Dow, mwanasheria wa Botswana, aliolewa na Mmarekani. Mtoto wake wa kwanza, aliyezaliwa kabla ya ndoa, alikuwa raia wa Botswana. Wawili waliozaliwa ndani ya ndoa, katika nchi hiyo hiyo na kwa mama huyo huyo, hawakuwa raia, kwa sababu sheria ya mwaka 1984 iliwapeleka kwa baba. Mahakama Kuu ilimpa haki mwaka 1991, Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo mwaka 1992, na mwaka 1995 bunge likabadilisha sheria. Mwaka huo huo Tanzania ilitunga Sheria ya Uraia inayomtambua mtoto aliyezaliwa nje kupitia kwa baba au mama. Kenya ilifuata kwa katiba ya mwaka 2010: ibara ya 14 inatamka kwamba mtoto ni raia iwapo mama au baba yake ni raia, awe amezaliwa nchini au nje. Ni kwa mabadiliko hayo mtoto wetu wa Leeds ana haki Nairobi kupitia kwa mama yake, kama alivyo na haki Dodoma kupitia kwa baba yake.

Haki ikishakuwapo, linafuata swali la ridhaa. Hapa Marekani na Uingereza, ambazo kwa mengi ni ndugu, zinaachana njia. Marekani inataka mtoto aliye chini ya miaka 16 afike yeye mwenyewe mbele ya ofisa pamoja na wazazi wote wawili. Asiyeweza kufika hutia saini fomu ya ridhaa mbele ya mthibitishaji wa kisheria. Uingereza inatosheka na mzazi mmoja mwenye mamlaka ya kisheria juu ya mtoto, na maombi hutumwa kwa mtandao bila mtoto kuonekana. Mzazi anayepinga ndiye anayetakiwa kujitokeza na amri ya mahakama. Marekani inaomba ruhusa kabla, Uingereza inasubiri pingamizi.

Kila upande una sababu. Mkataba wa Hague wa mwaka 1980 kuhusu utekaji wa watoto ulitokana na mateso ya kweli ya wazazi waliorudi nyumbani wakakuta mtoto amevushwa mpaka. Saini mbili ni kinga. Lakini kinga hiyo ina bei, na anayeilipa mara nyingi ni mama aliyeachwa. Baba amehama mji, hapokei simu, hatoi matunzo, ila saini yake bado inashikilia safari ya mtoto kwenda kumzika babu yake. Sheria ya Marekani inaacha mlango kwa mwenye amri ya mahakama ya malezi au mwenye kueleza mazingira ya pekee, na ni vyema mlango huo uwepo. Ningependa balozi zetu, kila zinapodai barua ya wazazi wote wawili, ziuweke wazi mlango kama huo kwa maandishi, ili mama asitegemee huruma ya ofisa aliyemkuta dirishani siku hiyo.

Tofauti inayonigusa zaidi ni ya mashahidi. Pasipoti ya kwanza ya mtoto wa Kiingereza inahitaji mtu wa kuthibitisha kwamba picha ile ni ya mtoto yule. Lazima awe amemfahamu mzazi kwa miaka 2 au zaidi, awe na kazi inayoheshimika, kama vile mwalimu, mhasibu au kiongozi wa dini, na asiwe ndugu. Kwetu mambo ni kinyume. Anayeaminika kusema mtoto kazaliwa lini na kwa nani ni shangazi aliyekuwapo, mjomba aliyepeleka habari, bibi aliyemwogesha. Hati ya kiapo cha kuzaliwa, iliyowavusha Watanzania wengi ambao wazazi wao hawakuwahi kusajiliwa, huapwa na mzazi au ndugu aliyemzidi umri. Juu yake huja barua ya serikali ya mtaa, au kwa Kenya barua ya chifu. Mwingereza anamtilia shaka ndugu kwa kuwa ana maslahi. Sisi tunamwamini ndugu kwa kuwa ana kumbukumbu. Sioni kwamba mmoja ni mjinga. Kila mmoja amelitambua jambo lile lile, kwamba cheti hakiwezi kumtambua mtoto kwa sura. Lazima awepo mtu.

Shida ni kwamba ushahidi wetu una makazi, na ughaibuni hayapo. Leeds haina mwenyekiti wa mtaa wala chifu. Shangazi yuko Tanga na fomu iko ubalozini London. Matokeo yake, desturi iliyojengwa juu ya watu inageuka kuwa ya karatasi tupu, tena karatasi za kizazi kilichopita: cheti cha kuzaliwa cha baba, na kikikosekana, kiapo cha bibi. Baba anapiga simu nyumbani kuomba mdogo wake aende RITA, ofisi ya usajili wa vizazi, apange foleni, atafute, apige picha, atume kwa WhatsApp, kisha hati halisi ije kwa mkono wa msafiri. Mtoto anamaliza miezi akingoja karatasi isiyomhusu hata kidogo.

Cheti chake mwenyewe nacho kina mtego. Uingereza hutoa vyeti viwili. Kile kifupi kina maelezo ya mtoto tu, hakitaji wazazi, na kwa ubalozi unaotafuta uraia kupitia kwa mzazi hakifai kitu. Kinachotakiwa ni kile kirefu. Kuzaliwa lazima kusajiliwe ndani ya siku 42 kwa England na Wales, 21 kwa Uskoti. Wazazi ambao hawajaoana ni vizuri waende pamoja, maana baba asiyeandikwa siku ile anakuwa hayupo kwenye karatasi, na uraia unaopita kwake unakuwa hauna njia. Kenya ilipambana na jambo hili hili: mwaka 2016 Mahakama Kuu ilikibatilisha kifungu cha sheria ya usajili kilichoweka vikwazo vya kuandika jina la baba kwa mtoto wa nje ya ndoa, kwa kuona kinambagua mtoto.

Majina ndiyo yanayofuata. Katika mwambao wetu mtoto hubeba jina lake, la baba, kisha la babu. Akiitwa Salma, na baba ni Juma mwana wa Hamisi, fomu ya Ulaya itauliza jina la familia, na wazazi watajikuta wakichagua kati ya Juma na Hamisi kana kwamba mmoja wao si ukoo. Mama, mwenye jina la kwao Kisumu, hafanani na mwanawe kwa herufi hata moja, na mpakani anaweza kuulizwa huyu ni nani wako. Hadi mwaka 2025 Ujerumani ilimshughulisha hivi hata Mjerumani wake: aliyejifungulia nje, ikiwa wanandoa hawakuwa na jina moja la familia, kwa kawaida alitoa kwanza tamko rasmi la jina la mtoto ndipo pasipoti ishughulikiwe. Kulinganisha kunatufundisha tahadhari: mpangilio wa majina uamuliwe kabla ya kumfikia msajili, na uwe huo huo katika kila hati.

Mahali ambapo mataifa yote yamekubaliana ni picha. Kanuni za kimataifa za usafiri wa anga zinataka uso mtupu, mwanga sawa, bila kivuli. Basi mama anatandika shuka jeupe kitandani, anamlaza mtoto chali, anasimama juu yake na simu, anangoja dakika ambayo halii, hajatia ngumi mdomoni wala hajageuza shingo kufuata sauti. Uingereza imelegeza kwa busara: mtoto aliye chini ya mwaka mmoja si lazima awe amefumbua macho, na mkono unaweza kumshikilia kichwa mradi usionekane. Nafuu hiyo ndogo inaonyesha kwamba serikali inaweza kuandika kanuni huku ikimfikiria mtoto mchanga alivyo.

Karibu desturi zote zina mwisho wa urithi. Uingereza humrithisha uraia mtoto aliyezaliwa nje kwa kizazi kimoja kwa kawaida. Tanzania pia: mzazi ambaye ni raia kwa kurithi hampitishii mwanawe aliyezaliwa nje. Ujerumani humtaka raia wake aliyezaliwa nje baada ya mwaka 1999 amsajili mwanawe wa huko nje ndani ya mwaka mmoja. Katiba ya Kenya inaliruhusu bunge kuweka ukomo. Tanzania inaongeza sharti jingine: mtoto anaweza kushika uraia pacha hadi miaka 18, kisha achague, wakati Kenya imeruhusu uraia pacha tangu mwaka 2010. Kwa hiyo mzazi anayesema atashughulikia baadaye anaamua pia habari za wajukuu.

Hukumu yangu ni hii. Kwa Marekani tuchukue heshima kwa mtoto asiyeulizwa ukoo. Kwa Uingereza tuchukue mthibitishaji anayepatikana pale mtu anapoishi. Kwa Botswana na Kenya tushike usawa wa mama na baba, tusiuachie tena. Kisha turudishe kilicho chetu: ushahidi wa watu. Jumuiya za Watanzania na Wakenya zipo katika miji mingi ya Ulaya na Amerika, zina viongozi waliochaguliwa, zinazika na kuozesha. Viongozi hao wapewe nafasi ya kisheria ya kumthibitisha mtoto, kama mwenyekiti wa mtaa anavyofanya Tanga. Kiapo cha shangazi kipokelewe kwa video mbele ya hakimu wa kwao. Maofisa wa ubalozi wanaotembelea miji ya mbali, kama Kenya inavyofanya, waongezwe, na ratiba itangazwe mapema. Hakuna hata moja kati ya haya linalodhoofisha usalama wa pasipoti. Yote yanaongeza idadi ya watu wanaomjua mtoto kwa uso na jina, na hiyo ndiyo kinga ya kweli dhidi ya udanganyifu.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 unasema mtoto ana haki ya kusajiliwa mara anapozaliwa, kuwa na jina na kupata uraia. Nchi zetu ziliridhia. Mtoto wa Leeds haombi fadhila. Anadai kilichoahidiwa, na kinapaswa kumfikia akiwa bado mchanga, bibi zake wakiwa bado wana nguvu za kumbeba.