Dawa ya Kwanza ya Ataksia ya Friedreich
Februari 28, 2023, Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliidhinisha omaveloksoloni, dawa ya kwanza ya ataksia ya Friedreich, kwa wagonjwa wenye umri wa miaka 16 na zaidi. Mtoto huupata ugonjwa huu anaporithi jeni yenye hitilafu kutoka kwa wazazi wote wawili, ambao kwa kawaida ni wazima. Protini ya frataksini hupungua, madini ya chuma hurundikana katika mitokondria, vinu vya nishati vya seli, na neva huharibika. Mgonjwa huanza kuyumba, hatimaye hushindwa kutembea. Dawa hiyo huamsha kinga ya seli dhidi ya uharibifu huo. Hupunguza kasi tu, haiponyi, na ini sharti lipimwe kila mwezi kwa miezi 3 ya mwanzo.