Sindano na usukani

Hebu fikiria hili. Wewe ni dereva wa lori Marekani, uko barabarani mwaka wa 20 sasa, hujagonga hata mbuzi. Vidonge vya kisukari vimeshindwa kazi, daktari anakuandikia insulini. Basi. Kisheria huruhusiwi tena kuvusha mizigo kutoka jimbo moja kwenda jingine. Hujasababisha ajali, umeanza sindano tu.

Ndivyo ilivyokuwa kwa miaka mingi. Marufuku hiyo ilipitishwa 1970 na kuanza kazi 1971.

Tuwe wakweli, hofu ilikuwa na msingi. Insulini, iliyogunduliwa Toronto mwaka 1921, inaokoa maisha. Lakini ikizidi, au mtu akichelewa kula, sukari inashuka: anatetemeka, anatoka jasho, anachanganyikiwa, anaweza hata kuzimia. Mweke mtu huyo kwenye lori la tani 36! Na enzi hizo mgonjwa akiwa nyumbani alipima mkojo, kipimo kinachosimulia ya saa zilizopita na kisichoweza kuonyesha kuwa sukari imeshuka mno.

Miaka ya 1980 vijimashine vya kupima tone la damu vikaingia majumbani. Sasa dereva angeweza kujua hali yake kabla ya kuwasha gari. Sheria ikabaki pale pale.

Mwaka 1993 serikali ilifungua dirisha dogo la msamaha. Mwaka uliofuata mahakama ya rufaa ikaukataa mpango wa aina hiyo uliowahusu madereva wenye matatizo ya macho, na kufikia 1996 dirisha la insulini nalo likafungwa. Waliokwisha kuingia waliachwa waendelee.

Kichekesho kikaja 2003. Msamaha ukarudi, lakini kwa sharti: mwombaji awe ameendesha magari makubwa miaka mitatu huku akitumia insulini. Jamani, kitu kile kile kilichokatazwa! Walioweza kulitimiza ni wale walioendesha ndani ya jimbo moja tu, tena jimbo ambalo sheria zake ziliruhusu. Bunge la nchi hiyo likaliondoa sharti hilo 2005.

Hatimaye, Novemba 2018, marufuku yenyewe ikafutwa. Tangu hapo daktari anayemtibu dereva hujaza fomu kuthibitisha kuwa hali yake ni tulivu, baada ya kuona rekodi za sukari za angalau miezi mitatu, kisha dereva hupimwa afya kila mwaka. Sukari ikishuka vibaya, anakaa pembeni hadi daktari aridhike. Macho yakiwa yameharibiwa sana na kisukari, hapati cheti.

Yaani ilichukua karibu miaka 48 kuacha kuuliza "unaumwa nini?" na kuanza kuuliza "unaudhibitije?"

Mimi naona marufuku ile ilikuwa na hatari yake. Dereva anayejua kuwa sindano itatia kitumbua chake mchanga ana kila sababu ya kuikwepa, na kuendelea kuendesha huku sukari ikipanda na macho yakififia. Karatasini barabara ni salama. Barabarani je? Anayepima sukari yake na kuonyesha rekodi, mimi ningepanda gari lake bila wasiwasi kuliko la anayeficha ugonjwa.

Wewe je, ungepanda la nani?