Jalada la Kitabu

Jalada la kitabu ni gamba la nje linalohifadhi kurasa, na ndilo linalomweleza mnunuzi, kabla hajasoma hata sentensi moja, kitabu hicho ni cha aina gani na kimekusudiwa nani. Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa Penguin, kampuni ya Uingereza iliyoanza kutoa vitabu vya bei nafuu mwaka 1935 chini ya Allen Lane. Jalada lake la karatasi liligawanywa katika mikanda mitatu ya mlalo: wa katikati ulikuwa mweupe na kubeba jina la kitabu na la mwandishi, ilhali wa juu na wa chini ilipakwa rangi iliyotaja fani, yaani machungwa kwa riwaya, kijani kwa hadithi za upelelezi na buluu kwa wasifu. Kwa kuwa hapakuwa na picha ya kuvuta macho, msomaji alizoea kuiamini rangi yenyewe, hata akamchukua mwandishi asiyemjua kwa sababu alikwisha kufurahia kitabu kingine cha rangi hiyohiyo. Hapo jalada halikufuata ladha ya msomaji tu, bali liliijenga.

Rangi ya machungwa ilivaliwa pia na riwaya za mfululizo wa waandishi wa Afrika wa kampuni ya uchapishaji ya Heinemann, ulioanza mwaka 1962 na kuhaririwa mwanzoni na mwandishi Chinua Achebe. Nyuma ya jalada iliwekwa picha ya mwandishi, hivyo mwanafunzi aliyelelewa kwa vitabu vya Wazungu akakutana na uso wa Mwafrika mwenzake.