Ubwete wa Bakteria

Samaki aina ya mbuta anapovuliwa katika Ghuba ya Winam, Ziwa Victoria, mwili wake una joto la maji ya ziwa, yapata nyuzi 25. Akifikishwa kwenye ufuo wa Dunga, hufukiwa kwenye barafu, na wanunuzi wengi huamini kwamba baridi imeua vijidudu. Haikuviua, imevitia bwete.

Ubwete ndiyo istilahi ninayoitetea: hali ya kiumbe hai kuacha kukua na kuzaana hadi mazingira yamfae tena. Wapo wanaosema "kudumaa", lakini aliyedumaa ameharibikiwa katika ukuaji wake. Anayekaa bwete nguvu anazo, hazitumii tu.

Ndivyo mambo yalivyo ndani ya seli. Joto likishuka, mafuta ya utando hukakamaa, vimeng'enya huzorota, virutubisho hupenya kwa shida. Kugandisha huua baadhi ya bakteria, maana chembe za barafu huwakausha na kuwatoboa, lakini wengi husalimika. Maabara hutegemea jambo hilo: huwahifadhi kwa miaka katika nyuzi 80 chini ya sifuri, wakiwa wamechanganywa na gliserini.

Hapa ziwa letu lina bahati ambayo haisemwi vya kutosha. Bakteria wengi walio kwenye ngozi na matamvua ya mbuta wamezoea joto, hivyo nyuzi sifuri huwasimamisha karibu wote. Wale wastahimilivu wa baridi, kina Pseudomonas, huwa wachache mwanzoni, na lazima waongezeke kwanza ndipo waozeshe nyama. Kwa sababu hiyo samaki wa maji ya joto, akiwahiwa na barafu, kwa kawaida hudumu kuliko samaki wa bahari baridi za kaskazini. Barafu ikichelewa, ubwete huchelewa kuanza; ikiyeyuka njiani, huisha, na faida hiyo hupotea.

Mwishoni mwa 1997 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wabichi wa Kenya na majirani zake kwa hofu ya kipindupindu, na kando ya ziwa watu walikosa riziki kwa miezi kadhaa. Bakteria wa kipindupindu naye ana ubwete wake. Mwaka 1982 mwanasayansi Rita Colwell na wenzake walieleza kwamba anaweza kubaki hai majini ilhali haoti tena kwenye sahani ya maabara, na baridi ni mojawapo ya vinavyomfikisha huko. Sahani tupu, basi, haithibitishi kifo. Kinachomuua kwa hakika ni joto la kupika samaki hadi aive.