Injini Ndogo ya Symphonie

Twasikia sana habari za roketi kubwa zing'okazo ardhini kwa ngurumo na moshi. Injini ndogo imalizayo safari huko juu hutajwa kwa nadra. Roketi huiacha setilaiti ya mawasiliano katika njia iliyorefuka mfano wa yai, ambayo ncha yake ya mbali hufikia kilomita 36,000 hivi. Hapo setilaiti hujisukuma yenyewe ili idumu juu ya ikweta. Zamani kazi hiyo ilifanywa kwa fueli yabisi, ambayo ikishawashwa haizimiki mpaka iishe.

Mwaka 1967 Ufaransa na Ujerumani ya Magharibi ziliafikiana kuunda setilaiti ya Symphonie. Wahandisi wa kampuni ya MBB wakachagua vimiminika viwili: fueli ya jamii ya hidrazini, na tetroksidi ya dinitrojeni itoayo oksijeni ya kuiunguza. (Istilahi ya hiki cha pili hutusumbua darasani, mimi hukiita kiunguzishi.) Vikikutana huwaka papo hapo bila cheche, vali zikifungwa, moto huzimika, na waweza kuwashwa tena. Lakini vyote viwili ni sumu kali, na vali ikivuja ni maangamizi. Ukuta wa chumba cha moto nao sharti ukingwe kwa utando wa fueli, usije ukayeyuka. Msukumo wa injini hiyo ni niutoni 400 tu, usiofikia nusu ya uzito wa gunia la mahindi la kilo 90. Nao watosha, kwani huko hakuna hewa ya kukizuia chombo.

Setilaiti ilikuwa ingali ikiundwa, roketi iliyokusudiwa kuibeba, Europa II, ilipolipuka tarehe 5 Novemba 1971 baada ya kuondoka Kourou. Ikabidi kubisha hodi Marekani. Wamarekani walikubali kuirusha kwa sharti kwamba ibaki ya majaribio, isifanye biashara. Nadhani sharti hilo liliwauma Wafaransa kuliko mlipuko wenyewe. Roketi ya Ariane, iliyoruka mara ya kwanza tarehe 24 Desemba 1979, ilizaliwa kwa uchungu huo.

Symphonie ilirushwa kutoka Florida tarehe 19 Desemba 1974, na injini yake ikaifikisha mahali pake. Miaka ikapita. Wamarekani walipounda chombo cha Galileo, kilichoondoka mwaka 1989, injini kuu waliyoifunga ilikuwa ya ukoo huo huo wa Kijerumani. Desemba 1995 iliwaka kwa dakika 49 hivi, ikapunguza mwendo wa chombo hata kikanaswa na sayari ya Mshtarii.