Mashine ikifa, isirudi hovyo

Sisi wa Goba tunaojua umeme kukatika, historia hii inatuhusu. Mwaka 2008 Facebook waliiachia Cassandra bure, hifadhi ya data iliyobuniwa na Avinash Lakshman (aliyeshiriki pia Dynamo ya Amazon, 2007) na Prashant Malik. Nakala hukaa kwenye mashine kadhaa. Mashine nzima ikitolewa hukabidhi data zake kwanza. Ikifa, msimamizi huamuru iondolewe, na zilizobaki hunakiliana upya vipande ilivyokuwa navyo. Balaa ni maiti kurudi! Alama za vilivyofutwa hulindwa siku 10 tu, usipobadilisha mpangilio, kisha hufagiliwa. Mashine ikiwashwa baada ya hapo na data zake za zamani, vilivyofutwa vinaweza kufufuka. Sasa fikiria ni matokeo ya mtihani, na jina lililofutwa kwa udanganyifu limerudi na alama zake.