Smetana: Kiziwi aliyeipa nchi yake sauti
BEDŘICH Smetana, mtunzi mashuhuri wa Bohemia, eneo lililomo katika Jamhuri ya Cheki ya leo, aliziba masikio kabisa mnamo Oktoba 1874. Hata hivyo, kufikia 1879 alikuwa amekamilisha Má vlast, yaani Nchi Yangu, tungo sita za okestra kuhusu mandhari na visakale vya Wacheki, waliokuwa wakitawaliwa na Austria. Utungo wa Vltava huufuata mto wa jina hilo toka chemchemi mbili, ukipita wawindaji msituni na harusi ya wanakijiji, hadi Prague. Tungo zote zilipochezwa pamoja jijini humo Novemba 5, 1882, mwenyewe hakuweza kuzisikia. Alifariki Mei 12, 1884. Tangu 1952, tamasha la Prague Spring hufunguliwa kwa kazi hiyo.